Viti Arobaini na Viwili

Mama yako akifa leo, ni nani atakayevaa viatu aje kukaa nawe?

Usinihesabie walio kwenye simu. Nataka mwenye viatu. Nauliza kwa ukali kwa sababu Januari hii nilimwona mtu aliyestahili kujaziwa nyumba hadi ngazini akisimama mbele ya viti arobaini na viwili visivyo na mtu, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliofanya iwe hivyo.

Jina lake ni Léonard. Vijana wa jengo letu humwita Papa Léonard, kama ilivyo kwa watu wa Kongo. Ana miaka sitini na mmoja. Siku tano kwa wiki hupanga makasha ya mboga zilizogandishwa kwenye ghala moja hapa Downsview, amevaa koti nene ndani hata jua la Julai likiwaka nje. Hajawahi kuchaguliwa kuwa kiongozi wa chochote. Kanisani hukaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Kazi yake nyingine, isiyo na mshahara wala cheo, ni kutunza viti vya msiba.

Alifika Toronto miaka kumi na miwili iliyopita kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, yeye na mkewe na binti yao Mélissa. Mama yake, Bibi Wabiwa, alibaki kambini na mdogo wake Léonard. Majira yao ya kwanza ya baridi walipelekwa kwenye msiba Malvern, upande wa pili wa mji, kwa mtu wa kwao aliyefiwa na kaka yake huko Uvira. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na watu walikuwa zaidi ya hamsini. Makoti yalilundikwa kitandani hadi yakafunika dirisha. Bibi mmoja alisimama muda mrefu ameegemea jokofu, na kila aliyetaka maziwa ya chai alimwomba asogee kidogo. Alisogea, akarudi, akasogea, akarudi. Léonard hakuisahau sura ya yule bibi.

Mwaka uliofuata alisikia kwamba ukumbi wa sherehe unafungwa Markham. Alikwenda kwa basi, akabadilisha mara tatu, akamkuta mwenye ukumbi akifunga sahani kwa magazeti. Alikuwa Mzee Dilawar, Mwismailia aliyezaliwa Mwanza. Waliposalimiana kwa Kiswahili, habari ya viti iliwekwa kando kwa saa nzima, maana Dilawar alitaka tu kumsikia mtu akitaja samaki wa ziwani kwa majina yao. Léonard aliondoka na viti arobaini na viwili vya kukunja, vyeusi, vya chuma. Aliviandika namba chini kwa rangi nyeupe. Namba kumi na saba ina mguu uliopinda, na ukikaa hulia. "Hicho kinajua kulia kuliko wafiwa," Léonard husema. Ndio mzaha wake pekee. Ameusema kwenye kila msiba, na watu huungojea.

Tangu hapo, mtu wetu akifiwa popote pale, Scarborough, Hamilton, hata Kitchener, Léonard hupakia viti kwenye gari lake kuukuu, akavipeleka, akavipanga, kisha akatuma maneno mawili kwenye kundi letu la WhatsApp: *Viti vimefika*. Watu wakiyaona maneno hayo ndipo huchukua makoti. Mchungaji anaweza kutangaza saa saba, hakuna atakayetoka saa saba. Tunatoka viti vikifika. Hakuna aliyeiweka sheria hiyo, ilijijenga yenyewe kidogo kidogo, kama njia ya miguu inavyojichora kwenye nyasi. Na yeye mwenyewe, kwa miaka kumi na mmoja, sijapata kumwona amekaa. Husimama mlangoni, macho yakizunguka, akitafuta nani hajapata kiti. Baba yangu alipofariki alikuja kwenye mvua ya barafu, akanikalisha kwenye namba moja. Nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Lipo jambo moja zaidi ambalo lazima ulijue. Kwetu msiba haufunguki mpaka mfiwa aulizwe. Mtu wa rika lake au aliyemzidi, aliyemfahamu marehemu, hukaa mbele yake, magoti karibu na magoti, akasema, "Ilikuwaje?" Hapo mfiwa husimulia: ugonjwa ulianza lini, nani alikuwepo, maji ya mwisho alikunywa saa ngapi, alisema nini. Husimulia mara moja. Kabla ya hapo kifo kimo ndani yake peke yake. Baada ya hapo ni cha wote, na ndipo sauti za kilio hupandishwa.

Bibi Wabiwa alifariki siku ya Alhamisi. Simu ilimkuta Léonard ghalani, na alimaliza zamu yake. Nilikutana naye jioni kwenye lifti, viatu vyake vyeupe kwa chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Aliniambia, "Mama amekwenda," kisha akaniuliza kama nina bisibisi, maana alitaka kufungua miguu ya vitanda apate nafasi ya viti.

Siku hiyohiyo redio ilianza kutangaza dhoruba. Alhamisi onyo lilikuwa la manjano, Ijumaa likawa la rangi ya chungwa: theluji sentimita arobaini, upepo, watu wasisafiri bila sababu kubwa. Madukani mkate uliisha. Mchungaji Ismaël alituma tangazo kwamba msiba utakaliwa Jumamosi, kuanzia saa saba mchana, nyumbani kwa Léonard. Kuhusu nani atauliza, hakukuwa na mjadala. Toronto nzima ni mtu mmoja tu aliyemfahamu Bibi Wabiwa, naye ni Mama Donatienne. Walikaa jirani kambini, na watoto wake wawili walipokelewa na mikono ya bibi yule. Donatienne ana miaka sitini na mitatu na magoti mabovu. Anaishi Malvern, na huhudumia wazee kwenye makao yao kule Markham.

Mkewe Léonard alikuwa Calgary tangu Desemba, akimtunza Mélissa aliyejifungua. Walikuwa na tiketi za Jumamosi asubuhi, yeye, Mélissa na kichanga.

Jumamosi hiyo, saa tatu asubuhi, nilisikia chuma kikigonga chuma kwenye lifti. Nilishuka kutoka ghorofa ya nne hadi ya pili, nikamkuta Léonard akitoa viti sita sita, peke yake, kifua kikipanda na kushuka. Nilimwambia kwamba mfiwa habebi viti.

"Basi nani?" aliniuliza.

Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua kweli. Nikashika viti vilivyobaki.

Tulivipanga. Ishirini na vinane sebuleni, tisa kwenye chumba kisicho na kitanda tena, vitano kwenye ukumbi mwembamba wa mlangoni. Alivigusa kimoja kimoja migongoni, akinyoosha mistari. Alipofika kwenye namba kumi na saba alitikisa kichwa lakini hakusema mzaha wake. Jikoni alikuwa na sufuria mbili za wali na thamosi nne za chai.

Saa tano Mélissa alipiga simu. Ndege za kuja Toronto zilikuwa zimefutwa zote hadi Jumatatu. Nyuma yake kichanga kililia, na mkewe Léonard akachukua simu akasema watapanda basi. Léonard akamwambia kwa upole kwamba basi ni siku tatu, na mtoto ana wiki tano, na marehemu mama yake hangependa kitukuu asafirishwe hivyo. Alipokata simu aliiweka mezani kifudifudi.

Saa sita barabara ilikuwa bado nyeusi. Nakumbuka vizuri kwa sababu nimeipitia saa ile kichwani mara nyingi tangu siku hiyo. Mabasi ya barabara ya Keele yalikuwa yakipita. Anga lilikuwa limeshuka, la rangi ya bati, lakini magari yalikimbia kama kawaida. Mtu angetoka Malvern saa sita angefika. Mtu angetoka hata Hamilton angefika.

Saa saba chembe za kwanza zikaanguka, ndogo, kavu, zikienda upande. Saa nane sikuiona tena barabara. Nilikuwa dirishani. Léonard alikuwa amesimama mlangoni, pale anaposimama siku zote, koti la suti limefungwa vifungo, akiangalia viti. Nilimwomba akae. Alisema bado. Kila lifti iliposimama kwenye ghorofa ile aliinua kidevu. Mara moja alikuwa jirani na mfuko wa chumvi. Mara moja lifti ilifunguka ikafungwa bila mtu.

Jengo lenye watu mia mbili, na kitu pekee kilichosikika ni mvuke ukigonga kwenye mabomba ya kupasha nyumba joto.

Saa tisa nilifungua kundi letu la simu. *Poleni sana. Tuko pamoja. Mungu awatie nguvu.* Mikono iliyofumbatwa, ile michoro ya manjano, nikaihesabu: sitini na moja. Sitini na moja, na hakuna hata mmoja aliyeuliza njia. Nilitoka nikaenda kwenye ngazi, nikashika simu karibu na mdomo, na nikarekodi ujumbe wa sauti wa dakika tatu.

Nilisema kila kitu. Nilisema mzee huyu amewabebea viti miaka kumi na mmoja, kwenye barafu, baada ya zamu, bila hata kulipwa mafuta. Nilisema tumevuka misitu na maziwa kwa miguu, na sasa tunashindwa kuvuka mji kwa basi lenye joto. Nilisema kama tumefika nchi hii ili tujifunze kuomboleza kwa kidole gumba, basi afadhali tungebaki tulikokuwa, maana kule angalau mtu hafi mara mbili, mara moja kaburini na mara ya pili kwenye simu. Nilimaliza kwa kusema kwamba nawaonea aibu. Nikautuma.

Hadi leo naamini karibu kila neno nililolisema. Nilikosea tu kuhusu waliostahili kuambiwa.

Kisha simu yangu ikalia. Alikuwa Mama Donatienne, na hakunisalimu.

"Nathanaël, ni chuo gani hicho kinachofundisha kutukana wazee dakika tatu bila kumeza mate?"

Nilianza kujitetea. Alinikata.

"Zamu yangu iliisha asubuhi. Sikurudi hata Malvern. Nimekaa kwenye kiti cha mlangoni hapa kazini, koti nimevaa, mkoba mapajani, kwa muda wa saa nane, kama mtu aliyesahauliwa na basi. Nangoja viti vifike."

"Viti vipo, Mama. Vimepangwa tangu asubuhi."

"Nani alituambia?"

Alinieleza taratibu, kama anavyomweleza mzee wa makao yale kwamba leo ni siku gani. Watu wote walikuwa wakingoja. Mchungaji alingoja. Watu wa Scarborough walikuwa wamejipanga kwenye magari manne. Kwa habari za dhoruba wengine walidhani msiba umesogezwa mbele, na kwa kuwa maneno hayakuja, waliona wamekisia sawa. Hata siku za jua hakuna anayetoka kabla ya maneno yale, sembuse siku kama hii. Hakuna aliyekumbuka kwamba mtuma maneno, safari hii, ndiye mfiwa.

Mfiwa haiti watu kwenye msiba wake. Hilo kila mmoja wetu analijua. Mtu mwingine alitakiwa kuyaandika, mtu aliyekuwepo, aliyeviona viti kwa macho, aliyevibeba. Nilikuwa na simu mkononi tangu saa tatu asubuhi. Maneno mawili.

"Sasa natoka," alisema Donatienne.

Nilimsihi asitoke. Nilimwambia mabasi yameanza kuondolewa kwenye vilima, redio inasema watu wabaki walipo.

"Umenitukana kwa kukaa, sasa unanikataza kutoka. Chagua moja, mwanangu."

Simu ikakatika. Nilipopiga tena haikuita.

Nilirudi ndani nikamwambia Léonard yote: ujumbe wangu, magari manne, Donatienne njiani. Nilitaka anigombeze. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo moja tu. "Na magoti yale?"

Akachukua funguo za gari.

Tulichimba kwa nusu saa. Theluji tuliyoitupa ilirudishwa na upepo usoni petu. Gari lilipotoka liliserereka hatua chache, likageuka ubavu, likasimama. Mbele yake, kwenye mtaa wetu unaopanda kutoka Keele, basi lilikuwa limekwama katikati ya mlima, limelala mshazari kutoka ukingo hadi ukingo, taa zikipepesa, na dereva wake ameshuka akitazama magurudumu. Hapakuwa na pa kupita. Léonard aliliangalia basi lile kwa muda. Nadhani alikuwa anamtafuta Donatienne kwenye madirisha. Lilikuwa tupu.

Tuliporudi juu alivua viatu, akapangusa maji sakafuni kwa kitambaa, akarudi mlangoni akasimama. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia nitume mimi.

"Niliviona vimekaa vizuri," alisema. "Nikasema moyoni, leo nitaona. Leo watakuja bila kuitwa." Akatabasamu kidogo, kwa aibu, kama mtu aliyekutwa akijitazama kwenye kioo. "Ni ujinga wa mtu mzima, huo."

Sikuweza kumtazama. Nilikwenda nikakaa kwenye namba moja, mahali aliponikalisha mimi. Baada ya muda nikajipa moyo, nikasogeza kiti kingine mbele yangu, nikamwomba aje akae. Nikamuuliza nilichokuwa nimekipanga tangu tukiwa nje.

"Papa, ilikuwaje?"

Alikuja akaniwekea mkono begani. Mkono ulikuwa bado baridi.

"Wewe ni mtoto, Nathanaël. Hukumjua. Nikikusimulia wewe, nitakuwa nazungumza na ukuta wenye masikio mazuri." Aliona nimeumia, akaongeza, "Ukuta mzuri. Lakini atakuja anayemjua, nami nitakuwa nimeshasema. Haisemwi mara mbili."

Tulikula wali kidogo, tumesimama wote wawili. Kiza kiliingia mapema. Alipita akizima taa za chumba kimoja kimoja, akaacha ya mlangoni. Watu sasa walikuwa wakipiga simu, mmoja baada ya mwingine, wakilia, wakiomba radhi, na yeye ndiye aliyewabembeleza. Aliwaambia wote neno moja: msitoke. Baada ya kila simu alipiga namba ya Donatienne, na kila mara alikutana na sauti ile ile ya mashine.

Saa mbili usiku ujumbe ulikuja kutoka namba nisiyoijua. Ulikuwa wa Jolie, msichana anayefanya kazi na Donatienne. Simu ya Mama ilikuwa imezimika kwa baridi. Walitembea, walisukumwa na upepo, walipanda basi lililokwenda mwendo wa konokono, na mwishowe walifika kwa Jolie karibu na barabara ya Yonge, na magoti ya Mama yamekataa. Analala. Kesho basi la kwanza likipita atakuja.

Léonard aliusoma mara mbili. Aliuliza kama Jolie ana blanketi za kutosha. Kisha akaniambia nikalale, na nilipofika kwenye lifti nikageuka, nilimwona bado amesimama pale, taa ya mlangoni juu ya kichwa chake na viti vyote gizani nyuma.

Sikulala vizuri usiku huo. Nilimsikiliza kupitia sakafu mbili kana kwamba ingewezekana. Niliwaza jinsi tunavyosema kwamba hatuko peke yetu nchi hii, kwamba tuna jumuiya, na nikaona kwamba jumuiya hiyo ilikuwa imening'inia miaka yote kwenye kidole cha mtu mmoja anayebonyeza maneno mawili. Aliponyamaza yeye, tulinyamaza wote. Hatukuwa wabaya. Tulikuwa tumezoea kuletewa.

Asubuhi ya Jumapili upepo ulikuwa umekwisha. Nilishuka ghorofa ya pili saa moja na robo. Mlango wa Léonard ulikuwa wazi na taa bado inawaka. Ndani hapakuwa na mtu. Nilipita kati ya mistari ya viti nikiita, na ndipo nikaona mapengo mawili kwenye mstari wa mbele. Namba moja haikuwepo. Namba kumi na saba haikuwepo.

Desturi inasema mfiwa hatoki nyumbani kabla msiba haujafunguliwa. Nilivaa viatu nikakimbia.

Nje kulikuwa na mwanga wa kuumiza macho, anga buluu, hakuna gari, hakuna mtu. Theluji ilinifika magotini. Nyayo zake zilikuwa seti moja tu, zikishuka mtaa, na kila upande wa nyayo kulikuwa na mistari midogo, mahali miguu ya viti ilipokwaruza alipochoka kuvibeba. Nilizifuata. Lile basi lilikuwa bado mlimani, limefunikwa hadi kwenye taa, na nyayo zililizunguka. Mahali pamoja alikuwa ameanguka, nikaona umbo la bega lake, na shimo la mkono alipojiinua.

Niliwaona kutoka nusu ya mlima. Kwenye kona ya Keele, basi la kwanza lilikuwa limemshusha Donatienne na kuondoka. Huko ndiko mwisho wa njia iliyosafishwa. Kutoka hapo hadi kwetu magoti yake yasingepanda, na Léonard alilijua hilo kabla yetu sote. Alikuwa ameikanyaga theluji ya kando ya kituo mpaka ikawa ngumu, na juu yake amekunjua viti viwili, vikitazamana. Donatienne alikuwa amekaa kwenye namba moja, mkoba mapajani, kofia ya manyoya ya Jolie kichwani.

Na Léonard alikuwa amekaa.

Sikusogea zaidi. Haikuwa yangu kuisikia. Nilimwona Donatienne akiinama mbele, magoti yake karibu na magoti ya Léonard, mdomo wake ukitoa maneno machache ambayo niliyajua bila kuyasikia. Kisha mvuke ulianza kutoka kinywani mwa Léonard. Ulitoka muda mrefu, wingu baada ya wingu, ukikatika, ukianza tena. Mikono yake ilionyesha kitu, kimo cha mtu, kisha kikombe, kisha ikatulia. Donatienne alimshika viganja.

Kutoka upande wa kaskazini likaja trekta dogo la kusafisha njia za waendao kwa miguu, taa ya buluu ikizunguka, likisukuma theluji moja kwa moja kuwaelekea. Nilitaka kupiga kelele. Dereva, mwanamke mwenye koti la rangi ya chungwa, alisimama hatua kumi kutoka kwao. Aliwatazama wazee wawili wamekaa kwenye viti vyeusi katikati ya njia yake, asubuhi ya baridi ile, na wao hawakugeuka. Kisha akainua jembe la trekta, akashuka nalo polepole hadi barabarani, akawazunguka kwa mbali, akapanda tena kwenye njia mbele yao, na hapo akaliteremsha jembe na kuendelea kusafisha.